Hazina za Köln na Kuta za Karema

Katika bonde la Rukwa, upande wake wa kaskazini-magharibi, iko Mamba, katika nchi ya Wapimbwe ambayo siku hizi imo ndani ya mkoa wa Katavi. Msafiri apitaye hapo akitafuta mambo ya kale haoni ngome wala mnara. Nyumba za zamani zilijengwa kwa miti na udongo, na vijiji vilizungushiwa boma la magogo. Na boma la magogo likiisha kuungua halimwachii mtalii kitu cha kutazama. Walakini ni katika nchi hii ya Mpimbwe, mwezi wa Juni mwaka 1880, palipotokea jambo liwezalo kumwongoza mwanafunzi wa historia hadi kwenye majengo mawili makubwa: moja karibu, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na la pili mbali sana, kando ya mto Rhine katika nchi ya Ujerumani.

Mwezi huo kijiji cha mtawala wa Mpimbwe kilishambuliwa na majeshi ya Mirambo wa Urambo. Ndani ya boma walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, nao wakauawa pamoja na wenyeji wao. Watu hawa hawakuwa wamisionari, wala hawakuwa wafanyabiashara. Walikuwa watumishi wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa Brussels mwaka 1876 na Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1879 Carter alikuwa amewaongoza tembo wanne wa India, walioshushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili ijulikane kama mnyama huyo aweza kubeba mizigo ya misafara badala ya wapagazi. Ni tembo mmoja tu aliyefika Karema, naye hakuishi siku nyingi. Carter na mwenzake walikuwa wametoka Karema, wakirudi kuelekea pwani, walipofikwa na mauti. Vitabu vya historia vimehifadhi majina ya wageni hao wawili; Wapimbwe waliokufa siku ile hutajwa kwa jumla tu, kama watajwavyo watu ambao hawakuachiwa kaburi lenye maandishi.

Miezi minne baadaye, katika Oktoba ya mwaka huo huo wa 1880, mji wa Köln ulifanya sherehe kubwa, na Kaisari Wilhelm I alihudhuria. Kanisa kuu la mji, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1248, lilikuwa limekamilika. Kazi yake ilikuwa imesimama tangu karne ya 16, ikaanzwa tena mwaka 1842. Hivyo vizazi vingi vilizaliwa na kufa vikiliona kanisa hilo likiwa nusu jengo. Lilipokwisha, minara yake miwili ilifikia urefu wa mita 157 hivi, na kwa miaka michache hapakuwa na jengo lingine duniani lililolipita kwa kimo.

Atembeleaye Köln huingia chini ya minara hiyo kwa hamu ya kuona hazina zilizomo. Uko msalaba wa Gero, wa mti wa mwaloni, ambao umri wake wapita miaka 1000. Na nyuma ya altare kuu liko sanduku la Mamajusi, kazi ya mafundi wa dhahabu walioshika nyundo tangu yapata mwaka 1180 hadi 1225, mashuhuri kati yao akiwa Nicholas wa Verdun. Kadiri ya mapokeo, ndani yake yamo mafuvu na mifupa ya wale Wafalme Watatu waliomfuata nyota hadi Bethlehemu. Katika michoro ya Ulaya, tangu karne ya 15, mmoja wao huonyeshwa mara nyingi kuwa Mwafrika. Lakini masalia hayo hayakuzaliwa Köln. Yaliletwa mwaka 1164 na Askofu Mkuu Rainald wa Dassel kutoka Milano, baada ya mji huo kushindwa vitani na Kaisari Frederick Barbarossa. Hivyo hazina hii, ambayo kwa karne nyingi imewaita mahujaji na kuutajirisha mji, mwanzo wake ilikuwa nyara.

Jambo hili lafaa kukumbukwa, si kwa kuwakejeli watu wa Köln, bali kwa sababu lafundisha namna ya kulitazama jengo la kale. Uzuri wa kitu haujibu swali la kilikotoka. Na utakatifu wa mahali hauzuii mtu kuuliza ni nani aliyelipa gharama. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya dhahabu za Köln yafaa aulize vivyo hivyo mbele ya matofali ya Karema.

Karema iko ufukoni mwa Tanganyika, upande wa mashariki. Mwezi wa Agosti mwaka 1879 Luteni Cambier, Mbelgiji, alifika hapo na kuanzisha kituo cha kwanza cha Chama cha Leopold katika bara. Wenzake wawili, Crespel na Maes, walikuwa wamekwisha kufa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1878 kabla safari haijaanza. Kituo kilijengwa kama ngome, kikapewa jina la mfalme. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita hapo mapema mwaka 1880, hakuona sababu ya kukisifu. Na ziwa lenyewe likafanya jambo ambalo hakuna mjenzi aliyelitazamia. Miaka hiyo maji yake, yaliyokuwa yamepanda sana, yalivunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa magharibi, yakaanza kutoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Ufuko ukarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na ngome iliyosimamishwa karibu na maji ikajikuta imeachwa juu ya nchi kavu.

Kadiri ya maneno ya waanzilishi wake, kituo kilikusudiwa kuwasaidia wasafiri, kuendeleza elimu na kupinga biashara ya watumwa. Matendo yalikuwa na mchanganyiko. Kapteni Ramaeckers, aliyemfuata Cambier, alifia hapo mwaka 1882. Akaja Luteni Storms, ambaye mwaka 1883 alivuka ziwa na kuanzisha kituo kingine huko Mpala, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Mwezi wa Desemba mwaka 1884 watu wake walimshambulia na kumwua Lusinga, mtawala wa Watabwa, ambaye mwenyewe alisifika kwa uwindaji wa watumwa. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likachukuliwa hadi Ubelgiji, likapimwa na wataalamu wa siku zile, na kuwekwa Brussels. Sanamu ya mti iliyowakilisha mzee wa ukoo wake nayo ilichukuliwa, ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Basi hapa pana mafuvu ya aina mbili. Yale ya Köln, yaliyotekwa vitani, yalivishwa dhahabu na kupigiwa magoti. Na hili la Lusinga, lililotekwa vitani vilevile, lilipewa tarakimu na kuwekwa kabatini. Tofauti haiko katika mifupa. Iko katika macho ya wale walioipokea.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alikwisha kupata dola yake ya Kongo upande wa magharibi wa ziwa, na Karema, iliyo upande wa mashariki, haikumfaa tena. Akaikabidhi kwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Ngome ya mfalme ikawa nyumba ya misheni. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki na shehena zikaanza kusikia kengele za sala, walakini bunduki hazikuondoka mara moja. Mwaka 1886 alifika Karema Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, na mwaka uliofuata akavuka kwenda Mpala kuwafundisha wenyeji kujilinda dhidi ya wateka watumwa. Alikaa ng'ambo ile mpaka kufa kwake mwaka 1927.

Ni kwa njia ya Lavigerie kwamba Köln na Karema zilikutana. Katika mwaka 1888 Kardinali huyo alizunguka miji mikuu ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akieleza mateso ya misafara ya watumwa. Habari nyingi alizosimulia zilitoka katika barua za mapadre wake waliokaa kando ya Tanganyika na maziwa mengine. Mnamo tarehe 27 Oktoba 1888 Wakatoliki na Waprotestanti wa Ujerumani, ambao siku zile hawakuwa wepesi wa kuketi pamoja, walikutana Köln katika Gürzenich, ukumbi wa sherehe wa karne ya 15 usio mbali na kanisa kuu. Wakadai serikali yao ichukue hatua ya kukomesha biashara ya watumwa katika Afrika ya Mashariki.

Ahadi iliyotolewa katika ukumbi ule ilikuwa njema, na hapana shaka wengi waliopiga makofi walikuwa na huruma ya kweli. Lakini Bismarck aliiona ahadi hiyo kwa jicho lingine. Pwani ilikuwa imeiasi Kampuni ya Wadachi tangu miezi ya Agosti na Septemba, na kampuni ilikuwa inashindwa. Mwishoni mwa Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilikubali kutoa marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha utumwa na kulinda mali ya Wajerumani. Na kwa fedha hizo Hermann Wissmann aliandika askari, akaja kupigana na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo. Hivyo vita vya kuiteka pwani vilipata baraka ya neno la uhuru. Na watumwa wenyewe je? Serikali ya Wadachi ilipiga vita ukamataji na misafara, lakini haikufuta utumwa. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905. Wazazi wao waliachwa katika hali yao. Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza, wakati ambapo utawala wa Wajerumani ulikwisha kutoweka. Tangu makofi ya Gürzenich hadi sheria hiyo ni miaka 34.

Mwenye kutazama Karema kwa makini huuliza basi: kama serikali haikuitimiza ahadi, je, misheni iliitimiza? Jibu halipatikani kwa neno moja. Mapadre walitumia fedha zilizochangwa Ulaya kuwakomboa watumwa, hasa watoto, kutoka mikononi mwa wafanyabiashara. Watoto hao walipata chakula, mafundisho na ulinzi, na wakubwa wao walipewa mashamba katika vijiji vilivyozunguka misheni. Kwa mtoto aliyetekwa, ambaye hakujua tena njia ya kwao, hilo halikuwa jambo dogo. Mara nyingi lilikuwa ndilo tofauti ya kuishi na kufa. Lakini mnunuzi, hata akiwa na nia safi, huiacha fedha yake sokoni. Tena aliyekombolewa hakuwa huru kama alivyo huru mtu mwenye ukoo na nchi. Misheni ilimchagulia kazi, ilisimamia ndoa yake, ikamwamulia mashauri yake. Kwa kuwa katika miaka ile, kabla serikali haijaimarika pande zile, padre mkuu wa Karema alikuwa pia kama mtawala. Ukuta uliomzuia mteka watumwa asiingie uliweza pia kumfanya aliye ndani ajione yu chini ya ulinzi usio na mwisho.

Katika hali hiyo Askofu Adolphe Lechaptois aliliongoza jimbo la Tanganyika tangu mwaka 1891 hadi alipofariki Karema mwaka 1917. Wakati wake Karema ilipata sura ya mji wa kikanisa: kanisa kubwa la matofali, shule, nyumba za watawa. Ndipo pia lilipoanza shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, mwaka 1907. Mgeni aliyezoea kanisa la Köln hatapata hapa vioo vya rangi vya karne ya 13 wala sanduku la dhahabu. Udongo wa mahali ulifinyangwa kuwa matofali, na mikono iliyoyafinyanga, kuyachoma na kuyabeba ilikuwa ya wanakijiji na ya watu waliokombolewa. Waashi wa Köln nao wengi wao hawajulikani kwa majina, ingawa walichonga alama zao juu ya mawe ili walipwe ujira. Tofali la udongo halikuandikwa alama ya mtu.

Hata hivyo liko jina moja ambalo Karema imelihifadhi, na ndilo hazina yake kubwa. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria mapadre wakamnunua na kumpa uhuru. Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwafundisha vijana wa namna hiyo utabibu, ili waende bara kuwa makatekista na waganga, na kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta. Atiman alisoma huko. Mwaka 1888 alianza safari ya kwenda Tanganyika. Wakati wasemaji wa Gürzenich walipokuwa wakisimama mmoja baada ya mwingine kusema juu ya watumwa wa Afrika, kijana mmoja aliyewahi kuwa mtumwa alikuwa njiani, akielekea ziwani kufanya kazi. Akafika Karema mwaka 1889.

Alikaa hapo mpaka kufa kwake, tarehe 24 Aprili 1956. Ni miaka 67 ya kufunga vidonda, kuzalisha, kutibu homa na kufundisha. Alioa katika nchi ile, na mmoja wa wanawe akawa padre. Alitibu kwa dawa alizofundishwa na Wazungu, wala hakudharau kujifunza miti ya dawa kwa wenyeji. Mwaka 1946 maisha yake, kama alivyoyaeleza mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kitendo hicho si kidogo kwa mtu ambaye utotoni alihesabiwa kuwa bidhaa: mtumwa wa zamani alisimulia habari zake kwa kinywa chake, hakuachia wengine peke yao wamweleze.

Lakini hata maisha haya hayalifuti lile swali la kwanza. Atiman hakurudi Niger. Njia yake ilichaguliwa na wale waliomnunua, na hapana awezaye kusema angechagua nini kama angeachiwa. Lililo wazi ni kwamba njia ile aliyopewa aliifanya kuwa yake. Wagonjwa walioletwa kwake kwa machela hawakuja kwa sababu ya azimio la Köln wala kwa sababu ya marki milioni 2. Walikuja kwa sababu walimwamini Atiman. Ahadi iliyotangazwa kwa sauti kuu kando ya Rhine, ikageuzwa kuwa vita huko pwani, ilitimizwa kwa kadiri yake, polepole, na mtu mmoja ndani ya kuta ambazo mfalme alikuwa amezitupa.

Vita vya pili vya dunia viliubomoa mji wa Köln. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942 ndege zipatazo 1000 za Uingereza ziliushambulia, na mashambulizi mengine yakafuata. Gürzenich iliungua, ikajengwa tena baada ya vita. Kanisa kuu lilipigwa mara nyingi, lakini lilibaki limesimama katikati ya vifusi, na mafundi wa karakana yake wangali wakibadilisha mawe yaliyochakaa mpaka leo. Watu wa Köln wamekwisha kujua kwamba jengo la kale halidumu kwa sababu liliwahi kujengwa. Hudumu kwa sababu kila kizazi hulijenga tena kidogo.

Karema haikupigwa na mabomu ya namna hiyo. Adui wake ni mvua, mchwa na kusahauliwa. Jimbo lililokuwa na makao yake hapo lilibadilishwa mwaka 1969 kuwa jimbo la Sumbawanga, na mwaka 2000 likaundwa jimbo la Mpanda. Sasa pana bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya biashara na Kongo, na magari ya mizigo huelekea ufukoni ambako Cambier alitia nanga ya tamaa za mfalme wake. Yawezekana kwamba njia hiyo itawaleta wageni wengi kuliko waliowahi kufika. Watakapofika, itafaa wakute mtu wa kuwaambia ni ukuta gani ulikuwa wa ngome, na ni upi wa misheni. Kwa nini ziwa liko mbali. Ni nani waliobeba matofali. Na Atiman alikuwa nani. Kuta bila habari zake ni udongo uliokauka.

Tena habari hizo zisiishie Karema. Yule aliyeianza safari yake Mamba na arudi Mamba, kama wasemavyo mabaharia kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huko Mpimbwe hakuna ukuta wa kuonyesha. Wako wazee, yako majina ya mito na vilima, ziko nyimbo za watawala na kumbukumbu za vita vya siku za Mirambo, ambazo hazikuwekwa katika sanduku la dhahabu wala katika kabati la makumbusho. Mji wa Köln ulihitaji miaka 632 kumaliza kanisa lake, na mafundi walingojea. Mzee wa Mpimbwe hawezi kungojewa muda kama huo. Siku atakayozikwa, waliokufa naye wote waliomo katika kumbukumbu yake, pamoja na wale wa Juni 1880, huzikwa mara ya pili.